Kumwigiza Mtu wa Zamani: Mwigizaji na Asahau Mwisho wa Hadithi

Miongoni mwa njia za kufundishia historia katika shule ya msingi, uigizaji umepewa sifa nyingi vyuoni mwetu, na sifa hizo ni za haki. Mtoto asiyeweza kushika tarehe hushika jambo alilolitenda kwa mikono na miguu yake. Lakini katika kuusifu uigizaji tumesahau kuuliza swali ambalo waigizaji wenyewe, yaani watu wanaoishi kwa kazi ya jukwaa, wamekuwa wakiulizana kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja: mtu wa leo afanyeje ili amwigize mtu wa zamani bila kumdhihaki? Katika makala haya tunakusudia kueleza baadhi ya majibu yao, na kuonyesha kwa nini swali hilo linamhusu mwalimu wa darasa la sita kama linavyomhusu mwigizaji mashuhuri wa Moscow au wa Berlin.

Tuanze na kisa ambacho sisi wenyewe tunabeba sehemu ya lawama yake. Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa akifundisha Vita vya Majimaji. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na zana zake nyingi. Wavulana wanne walijifunga kaniki, wakashika fimbo kuwa mikuki. Wa tano alijipaka chaki usoni, akavaa kofia ya karatasi ngumu, akawa Mjerumani. Mganga alitoka nyuma ya ubao na kopo la maji, akawanyunyizia wenzake. Bunduki ya mti ikalia kwa mdomo, na wapiganaji wakaanguka mmoja mmoja kwa mbwembwe. Darasa zima lilicheka hata mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia dirishani. Mwishoni mwanachuo aliuliza kwa nini wazee wetu walishindwa. Msichana mmoja akasimama, akajibu, "Walikuwa wajinga, mwalimu. Waliamini maji." Jibu lilikubaliwa, likaandikwa ubaoni kwa maneno yenye adabu zaidi: walikosa elimu. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma tuliandika kwamba wanafunzi walishiriki kwa furaha, tukatoa alama nzuri.

Tuliporudi chuoni jibu la msichana yule halikutuacha. Vita vile vilianza katika vilima vya Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, vikaenea kusini yote, na havikuzimika kabisa hadi mwaka 1907. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na vyakula, na njaa ikamaliza wale ambao risasi haikuwamaliza. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikia makadirio ya watu 250,000 na zaidi. Watu hao ndio waliochekwa darasani, na waliowacheka ni wajukuu wa vitukuu vyao. Sisi tulikuwa tumetumia dakika arobaini kuwafundisha kicheko hicho, na tukakiita ushiriki.

Kosa lilikuwa wapi? Wako watakaosema kwamba maleba yalikuwa duni: chaki si ngozi ya Mzungu, na fimbo si mkuki. Wako watakaosema kwamba watoto wa umri ule hawawezi kuigiza jambo zito. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Tunaona kosa lilikuwa hili, kwamba watoto wale waliwaigiza watu wa mwaka 1905 huku wakijua yatakayotokea. Mvulana aliyenyunyiziwa maji alijua tayari kwamba risasi haitageuka maji, akayapokea maji yale kama mtu anayejua kwamba anadanganywa. Mpiganaji wa kweli hakuyapokea hivyo. Basi aliyesimama mbele ya darasa alikuwa mtoto wa leo aliyefungwa kaniki. Mpiganaji wa Majimaji hakutokea siku ile.

Waigizaji wakubwa wameligundua kosa hili, na wengine wao waliligundua kwa kulitenda. Mwaka 1898 Konstantin Stanislavsky na mwenzake Nemirovich-Danchenko walianzisha Jumba la Sanaa la Moscow, na mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa kihistoria: habari za Mfalme Fyodor wa Urusi, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 16. Stanislavsky hakutaka maleba ya kubuni. Alisafiri na wenzake hadi miji ya kale kama Rostov na Yaroslavl, wakatazama majengo na mavazi ya zamani, wakanunua vitambaa vikuukuu, tarizi na vyombo. Mchezo ulipofunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka ule, watazamaji walistaajabu, kwa maana walidhani wanaiona Urusi ya kale yenyewe.

Hata hivyo mtu yule yule, katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924, aliitazama upya kazi hiyo kwa jicho kali. Alikiri kwamba ukweli wa nje, yaani wa nguo na vyombo, ndio uliotangulia, na kwamba uzuri wa vitu uliwasitiri waigizaji waliokuwa bado wachanga. Kilichobaki kutafutwa kilikuwa ukweli wa ndani. Katika kuutafuta alifika kwenye neno dogo ambalo kila mwanachuo anapaswa kuliweka moyoni, nalo ni "kama". Mwigizaji asijiambie, "Mimi ni mfalme." Ajiulize, "Kama mimi ningekuwa katika hali hii, nikijua haya na nikikosa yale, ningefanya nini?" Swali hilo halihitaji kitambaa cha Rostov. Linahitaji mtu aielewe hali ya mwenzake na kukubali kusimama ndani yake.

Mwigizaji mwingine, William Gillette wa Marekani, aliyejulikana sana kwa kumwigiza Sherlock Holmes, alilieleza jambo hili kwa upande wake katika hotuba ya mwaka 1913. Ugumu wa kazi ya jukwaa, alisema, ni kwamba mwigizaji anayajua maneno yote mapema, na amekwisha kuyasema mara nyingi. Lakini kila usiku hana budi aonekane kama mtu ambaye hajui kitakachosemwa wala kitakachotendwa, anayeyatafuta maneno yake pale pale. Ikiwa hivyo ndivyo katika mchezo wowote, katika mchezo wa kihistoria ni zaidi, kwa sababu hapo hata mtazamaji anaujua mwisho. Mwigizaji ndiye peke yake anayeweza kumrudishia mtu wa zamani ile haki aliyokuwa nayo alipokuwa hai, haki ya kutojua kesho.

Tungekuwa waongo kama tungesema kwamba waigizaji wote wameafikiana. Bertolt Brecht wa Ujerumani, aliyeandika na kuongoza michezo mingi ya kihistoria, hakupenda mwigizaji azame ndani ya mhusika hata asahau hukumu yake mwenyewe. Alimtaka asimame kando kidogo, amwonyeshe mhusika kama anayesimulia habari ya mtu mwingine. Katika mazoezi aliwashauri waigizaji wake wayaseme maneno ya wahusika kwa nafsi ya tatu na kwa wakati uliopita: "akasimama, akasema kwamba". Tena aliwataka waonyeshe, pamoja na lile ambalo mhusika anatenda, lile ambalo angeweza kutenda lakini hakulitenda.

Mfano mashuhuri ni ule wa Helene Weigel, aliyemwigiza Mama Courage mjini Berlin mwaka 1949. Mama huyo ni mchuuzi anayefuatana na majeshi katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyopiganwa Ulaya kati ya mwaka 1618 na 1648. Mwanawe anakamatwa, na mama anapatana bei ya kumkomboa. Anavutana mno juu ya fedha, na wakati angali anavutana, mlio wa bunduki unasikika. Weigel hapo hakutoa sauti. Alifungua kinywa kama anayelia kwa nguvu zake zote, lakini kilio hakikutoka. Wako waliomlaumu Brecht kwa kuwa mama yule hajifunzi lolote hadi mwisho wa mchezo. Jibu lake lilikuwa kwamba si lazima mama ajifunze; anayetakiwa kujifunza ni mtazamaji.

Je, rai hizi mbili zinapingana? Kwa mwigizaji wa jukwaa mkubwa, mjadala huo unaweza kuendelea miaka na miaka. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, sisi tunaona kwamba zinafuatana. Kwanza mtoto aingie katika hali ya mtu wa zamani, asahau mwisho, achague. Kisha atoke, asimame kando, asimulie na kuhukumu. Lile kosa la somo la Majimaji tulilolitazama lilikuwa la kupindua utaratibu: hukumu ilitangulia, na baada ya hukumu hapakuwa tena na kitu cha kujifunza.

Mwandishi wetu Ebrahim Hussein anatupa msaada mkubwa hapa. Tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, ni mchezo wa kihistoria, lakini yeye mwenyewe anatutahadharisha kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha fikira za mwandishi. Kinjeketile Ngwale wa kweli, mtu wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Shambulio kubwa la Mahenge, ambapo wapiganaji wengi waliuawa kwa bunduki za rashasha, lilikuja tarehe 30 Agosti. Lakini Kinjeketile wa Hussein anaishi hata anaona kushindwa, na anatakiwa na wakoloni akane kwamba maji yalikuwa kweli. Hakubali, kwa kuwa anaona mbali: akikana, watoto wa kesho wataambiwa kwamba kupigania uhuru nako kulikuwa ujinga. Mwandishi aliibadili tarehe ili amweke mhusika wake mbele ya uchaguzi mzito. Mwigizaji anayeingia jukwaani akiwa amekwisha kuamua kwamba huyu ni mganga mwongo hawezi kuucheza uchaguzi huo. Nasi tukimtazama msichana wetu wa darasa la sita, tunaona kwamba lile aliloliogopa Kinjeketile wa mchezo ndilo tulilolitenda.

Basi mwalimu afanye nini? Kabla ya kutafuta kaniki, aandike katika andalio lake orodha mbili fupi: mambo aliyoyajua mtu wa wakati ule, na mambo ambayo hakuyajua. Katika somo la Majimaji, orodha ya kwanza ni ndefu kuliko tunavyodhani. Mkulima wa Umatumbi alijua kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Alijua shamba la pamba la jumbe, alilolazimishwa kulilima tangu mwaka 1902, na malipo yake madogo mno, hata wengine wakakataa kuyapokea. Alikijua kiboko cha akida. Alijua kwamba makabila yaliyopigana peke yao yalishindwa moja baada ya jingine. Sasa alisikia kwamba watu wa makabila mengi wanakwenda Ngarambe na kupokea maji yale yale, yaliyochanganywa na mbarika na mtama, na kwamba wanaoyapokea wamekuwa kitu kimoja. Orodha ya pili ni fupi: hakujua kwamba risasi haitageuka. Mtoto aliyezishika orodha hizo mbili hataona tena kopo la maji peke yake. Ataona pia kodi, pamba, kiboko na umoja, vyote ndani ya kopo lile.

Mwaka uliofuata tulimwomba mwanachuo mwingine ajaribu namna hii katika shule nyingine. Hakuwavisha watoto kitu. Aliweka chungu cha maji juu ya meza, akawaeleza mambo ya orodha ya kwanza, akanyamaza juu ya mwisho. Kisha aliwaita mmoja mmoja wachague: kupokea maji au kukataa, na kila mmoja atoe sababu zake kwa wenzake kama kwamba ni jirani zake. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikataa kwa sababu ana watoto wadogo nyumbani. Mwingine alipokea kwa sababu ndugu yake amekwisha kupokea, na hawezi kumwacha aende peke yake. Mvulana mmoja alisema, "Mimi maji siyaamini, lakini vitani nitakwenda." Kengele ililia wakiwa bado wanabishana. Hatudai kwamba somo moja linathibitisha njia. Lakini siku hiyo darasani hatukusikia neno "wajinga".

Liko jambo la pili, nalo ni juu ya wahusika wabaya. Stanislavsky aliwashauri waigizaji kwamba wamwigizapo mtu mwovu, watafute mahali ambapo yeye ni mwema. Ushauri huu hautaki tumsifu mwovu. Unatuzuia tusimfanye kinyago, kwa kuwa kinyago hakimfundishi mtu chochote. Mtoto aliyejipaka chaki usoni hujifunza kwamba uonevu unatokana na rangi ya uso. Akipewa amri ya kutekeleza, daftari la kodi la kujaza, na mkubwa wa kumwogopa, atajifunza kwamba uonevu una utaratibu wake, na kwamba mtu wa rangi yoyote anaweza kuutumikia. Historia yenyewe inathibitisha, maana askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Kwa hiyo chaki ibaki ubaoni.

Jambo la tatu ni kutoka katika uigizaji, na hapa Brecht ndiye mwalimu wetu. Mwigizaji mtu mzima huvua maleba, hunawa uso, huenda nyumbani. Mtoto hurudi uwanjani na jina alilopewa. Tumewahi kumwona mvulana aliyemwigiza mtumwa katika mchezo wa biashara ya utumwa, akaitwa "mtumwa" hadi likizo. Tangu hapo hatukubali mtoto yeyote afungwe kamba, hata ya mchezo, wala hatukubali nafasi za unyonge wapewe daima wale walio wanyonge darasani. Mchezo ukiisha, kila mwigizaji asimame mahali pake na kumsimulia mhusika wake kwa nafsi ya tatu: "Yeye alikuwa na hofu, akapokea maji, akaenda." Kisha aseme kwa nafsi ya kwanza: "Mimi naona." Lugha yetu inatusaidia sana katika kazi hii, kwa kuwa ile -ka- ya masimulizi kila mtoto ameizoea katika hadithi za bibi yake. Kwa maneno mafupi hayo mtoto hurudi kuwa yeye mwenyewe, na darasa zima huona tofauti kati ya aliyetenda na anayehukumu.

Tunatarajia hoja za kutupinga. Wengine watasema kwamba tukiyapa maji heshima darasani tutawarudisha watoto katika uganga. Sisi tunajibu kwamba kumwelewa mtu aliyeamini jambo si kuliamini jambo lenyewe. Mwisho wa somo ukweli wa risasi utasemwa waziwazi, bila kufichwa. Tunachodai ni kwamba usemwe mahali pake. Wengine watasema kwamba mtoto amekwisha kuusoma mwisho kitabuni. Na mwigizaji je? Yeye ameusoma mchezo wote na kuucheza mara nyingi, lakini kila usiku huanza upya kama asiyejua. Kusahau huko ni ustadi, na ustadi hufundishwa. Wengine tena watataja uhaba wa wakati na wa vifaa. Kuhusu vifaa, chungu kimoja kinatosha. Kuhusu wakati, tuhesabu ni dakika ngapi hupotea katika kufunga kaniki na kutafuta fimbo.

Wala hatusemi kwamba maleba hayana kazi. Mtu akivaa vazi asilolizoea hubadilika hata katika kutembea, na waigizaji wengi husema kwamba humpata mhusika wao siku wanapovaa viatu vyake. Lakini vazi lije baada ya hali kueleweka, kama mgeni anayekaribishwa katika nyumba iliyokwisha kufagiliwa. Likitangulia, watoto watalitazama lenyewe, na mtu aliyelivaa zamani hawatamwona.

Ndugu walimu wa kesho, wengi wenu mtakwenda katika shule ambazo historia ya mahali iko karibu sana: kaburi lisilo na jina, mti uliotumika kunyongea watu, mzee aliyesikia kwa baba yake. Mtakapowaambia watoto waigize habari hizo, mkumbuke kwamba wahusika wa mchezo wenu hawawezi kuinuka na kujitetea. Walikuwa watu wazima wenye akili, wakachagua kati ya mambo waliyoyajua, katika siku ambayo kesho yake haikuwa imeandikwa popote. Anayewaigiza awape siku hiyo kwanza. Hukumu itakuja baadaye, na itakuwa hukumu ya haki zaidi. Nasi tuliotoa zile alama nzuri tumejifunza kwamba kicheko cha darasa si kipimo cha somo. Tunatumaini ninyi mtaanza kazi mkiwa mmekwisha kulijua hilo.